Karatasi za ardhi zipangwe nyumbani, siyo asubuhi ya kesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua nimeandika ndefu, lakini hili jambo nimekaa nalo muda mrefu sana na wiki iliyopita limenifikisha pabaya mpaka usiku nikakosa usingizi.

Mimi nina stesheneri hapa Mwanza mjini, kachumba kadogo tu, mashine mbili za fotokopi, kompyuta moja na printa yake, na mashine ya laminesheni ambayo nitaieleza hapo mbele. Nipo hatua chache kutoka linapokaa baraza la ardhi na nyumba, kwahiyo wateja wangu wakubwa ni watu wenye kesi za viwanja na mashamba, wanafunzi ni wachache. Nafungua saa moja na robo asubuhi na ikifika saa moja na nusu foleni ishatoka nje, watu wa Buhongwa, Kishiri, Igombe, Sangabuye, Kayenze, wengine Kisesa na Usagara, na tangu lile daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 naona na wa ng'ambo ile wanazidi kuja maana ardhi ya kandokando ya barabara sasa kila mtu anaikumbuka kuwa ni ya babu yake.

Kila mmoja kashika bahasha la kaki limejaa mpaka limepasuka pembeni, mwingine kabeba salfeti kabisa. Anamwaga mezani kwangu vyote kwa pamoja, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ubatizo, risiti ya mabati ya 2009, barua ya mtendaji, samansi, mkataba wa mauziano uliokunjwa mara nane mpaka mikunjo imetoboka na shimo limeangukia palepale kwenye jina la shahidi. Alafu ananiambia, "Kijana, nitolee kopi zote hizi upesi, naitwa saa tatu."

Nikimuuliza mzee hapa ipi ndo unaenda kuitoa leo, anasema zote. Nikimuuliza orijino ya huu mkataba iko wapi maana hii naona ni kopi, anasema aliichukua shemeji mwaka ule wa msiba. Saa hiyo ni mbili kasoro. Mwaka wa kumi na moja sasa naangalia mambo haya Mhariri, na nasema kwa moyo wangu wote, wengi wanaotoka pale baraza wameshika kichwa ardhi ni yao, majirani wanajua ni yao, makaburi ya wazee wao yako palepale, ila asubuhi ya kesi walikuwa bado hawajui ndani ya bahasha yao kuna nini.

Sasa nieleze hiyo mashine ya laminesheni.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mama mmoja, mjane, umri wa mama yangu mzazi, ana kiwanja cha kupimwa kule Kiseke na nyumba ya vyumba vitatu juu yake. Alikuja na mkataba wa mauziano, kurasa mbili, umeandikwa kwa mkono na kalamu ya bluu, marehemu mume wake na aliyewauzia wamesaini, chini kuna mhuri wa mwenyekiti wa mtaa umefifia kidogo upande mmoja. Pamoja na huo mkataba alikuwa na risiti za kodi ya pango la ardhi kama sita hivi zimebanwa na pini. Akaniambia, "Mwanangu, hizi ndo roho yangu, zifunike na plastiki zisije zikaliwa na mchwa." Nikamwambia sawa mama, kaa hapo kwenye kiti. Nikawasha mashine, ikapata moto, nikaanza na mkataba ukatoka unang'aa, mama akafurahi sana. Nikaingiza risiti ya kwanza. Ilipotokea upande wa pili ilikuwa nyeusi tii kama mkaa. Nikadhani mashine imechafuka, nikaifuta na kitambaa, nikaingiza ya pili. Nyeusi vilevile.

Kumbe zile risiti za mashine haziandikwi kwa wino, karatasi yenyewe ndo inabadilika rangi ikipata joto, ndo maana hata ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au ukaiweka karibu na jiko inaharibika, na hata ukiitunza vizuri baada ya miaka michache maandishi yanafifia yenyewe. Mimi sikujua, na ilikuwa kazi yangu kujua. Mama hakunigombeza. Alizichukua zile mbili akasogea nazo mlangoni kwenye mwanga, akawa anazigeuza kutafuta kama kuna hata namba moja inaonekana, alafu akazirudisha kwenye mkoba pamoja na zile nzima. Hela nilikataa, akaiacha mezani.

Nilifikiri yaliishia hapo. Mwaka jana akapata samansi. Mtoto wa yule aliyewauzia kajitokeza anasema baba yake hakuuza, alimkaribisha tu marehemu kujenga kwa muda, na ofa ya kile kiwanja, yaani barua ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, mpaka leo ina jina la huyo baba maana hawakuwahi kubadilisha jina. Kwahiyo mkataba ule wa kalamu ya bluu ndo kila kitu. Siku ya kusikilizwa mama alipoutoa, wakili wa upande wa pili akasimama akasema hii siyo orijino, hii ni kopi ya rangi imefunikwa plastiki, huwezi kushika wino, huwezi kuona kalamu ilipobonyea. Na kuna jingine, karatasi ikipokelewa kuwa kielelezo inatakiwa iandikwe juu yake, namba ya kesi, nani kaitoa, tarehe, na sahihi ya anayesikiliza, hayo yako kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai, sasa juu ya plastiki unaandika wapi. Mwenyekiti wa baraza akaigeuza huku na huku, kesi ikaahirishwa.

Wiki iliyopita mama akaja dukani, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti kilekile. "Mwanangu, unaweza kuifungua?" Nilichukua kiwembe nikaanza kona moja, kona isiyo na maandishi. Plastiki ilikuwa imeshikana na karatasi, nilivyovuta kidogo tu ule uso wa juu wa karatasi ukaanza kunyanyuka nao. Nikaacha. Tukatazamana.

Ndo maana naandika barua hii. Naomba wasomaji wako wanisikilize, mimi siyo wakili, lakini haya nimeyaona kwa macho na mengine nimeyapata kwa kuwauliza mawakili wanaokuja kuprinti kwangu, na mengine yametukuta nyumbani kwetu.

Kwanza watu wachanganue kitu kimoja ambacho kinawaumiza sana. Kopi uliyoambatanisha wakati unafungua kesi haijawa ushahidi. Imeambatanishwa tu, ili mwenzako ajue unakuja na nini. Itakuwa ushahidi siku utakaposimama, wewe au shahidi wako anayeijua ile karatasi, ukaomba ipokelewe, upande wa pili ukaulizwa kama una pingamizi, ikapokelewa ikapewa namba ya kielelezo na ikasomwa. Nimeona mtu ana karatasi kumi na mbili kwenye faili anashinda njaa akisubiri hukumu, hukumu inatoka inasema hakuleta uthibitisho, analia anasema lakini mkataba si umo humohumo kwenye faili! Umo ndiyo, lakini hakuna aliyeutoa. Akiwa na wakili, wakili ndo atamwongoza. Asipokuwa naye, hakuna atakayemkumbusha.

Na orijino ni orijino. Sheria ya Ushahidi inataka karatasi yenyewe, kopi inakubalika kwa sababu maalum, kwa mfano orijino imepotea kweli na unaweza kueleza ilivyopotea, au anayo mpinzani wako na ulishampa notisi kwa maandishi kwamba aje nayo akakataa. Sasa kama orijino iko kwa shemeji, mfuate shemeji leo, acha kusubiri mpaka usiku wa kuamkia kesi. Kama ilipotea nenda polisi ukatoe taarifa upate ile karatasi ya kupotelewa, na anza kutafuta aliyekuwepo siku ya kuandikishana. Haya mambo yanachukua wiki, yanachukua miezi, hayafanyiki kwenye foleni ya stesheneri saa mbili kasoro.

Sasa nije kwetu. Baba yetu alikuwa na shamba Magu, kijiji cha kando ya ziwa, alinunua enzi hizo na kulima pamba kisha mpunga kule chini. Alivyofariki jirani akaanza kusogea. Kaka yetu mkubwa akafungua kesi kwa jina lake, mtoto wa kwanza wa kiume, sisi wote tukaona ni sawa, ndo mila. Ikaenda ikarudi, tarehe baada ya tarehe, nauli, chakula, mwaka mzima, alafu upande wa pili ukaleta pingamizi la awali kwamba huyu ni nani? Mali ni ya marehemu, mwenye uwezo wa kuidai kesini ni msimamizi wa mirathi peke yake. Kaka hakuwa msimamizi. Maombi yakaondolewa siku hiyohiyo bila hata shahidi mmoja kusikilizwa.

Tukarudi Mahakama ya Mwanzo, kikao cha ukoo, muhtasari, tangazo, mpaka akapata ile fomu namba nne ya uteuzi. Hiyo fomu Mhariri watu wanaikunja wanaiweka kwenye Biblia wanasahau, wakati ndo karatasi ya kwanza kabisa kwenye kesi ya shamba la urithi. Na ukishateuliwa una miezi minne ya kurudisha orodha ya mali na madeni, fomu namba tano, na baadaye hesabu, fomu namba sita, kwa muda mahakama itakaopanga, wengi hawajui wanakaa miaka na miaka.

Tukafungua upya. Mara ya pili tukaangushwa na mipaka. Kwenye maombi yetu tuliandika shamba lipo kijiji fulani, kata fulani, basi. Tukaulizwa shamba lipi? Ukubwa gani? Linapakana na nani? Kaka akasema kila mtu pale kijijini analijua. Kila mtu analijua ndiyo, lakini mwenyekiti wa baraza hakai pale kijijini, na hata tukishinda dalali wa kutekeleza hukumu atasimama wapi aseme hapa ndo mwanzo na hapa ndo mwisho. Kanuni za mabaraza zinataka ueleze mahali ardhi ilipo kiasi cha kuitambua. Kama imepimwa unaweka namba ya kiwanja na kitalu, kama haijapimwa unataja majirani wa pande zote nne na alama na ukubwa. Yakaondolewa tena.

Hapo ndo mimi nikaingia kazini. Nilichukua likizo ya kujipa mwenyewe, nikaenda Magu nikalala siku tatu. Tukatembea ule mpaka wote mimi na mjomba na mzee mmoja jirani mwema, mjomba anahesabu hatua mimi naandika. Upande wa juu kuna mstari wa minyaa baba aliyoipanda mwenyewe, unaanzia kwenye jiwe kubwa lenye ufa katikati unaenda mpaka kwenye njia ya ng'ombe, hatua mia mbili na kumi. Upande wa kushoto mkonge, umekatwakatwa katikati hapo ndipo jirani aliposogelea, visiki vya mkonge bado vilikuwepo ardhini, nikavipiga picha kimoja kimoja na rula ya shule pembeni. Upande wa kulia familia fulani, mzee wao yuko hai. Na upande wa chini mkataba wa baba ulisema "mpaka ziwani".

Watu wa mwambao naomba mnisikilize vizuri hapa. "Mpaka ziwani" haitoshi. Ziwa Victoria halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda yakaingia mashambani, 2024 yakapanda tena, ile minyaa ya chini yote ikakaa ndani ya maji ikaoza, mtu aliyekuwa anapima kutoka majini kupanda juu sasa anaanzia katikati ya shamba la mwenzake. Pima kutoka kwenye kitu kisichosogea, jiwe, makutano ya njia, kona ya shule, na kama una simu yenye ramani chukua na namba za pale uliposimama uziandike. Alafu ujue Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwahiyo kama kesi yako yote inasimama juu ya kibanda ulichojenga pale majini utakuta unajibu maswali mengine kabisa ambayo hukuyatarajia.

Ule mchoro wetu niliuchora kwa penseli kwanza alafu kwa kalamu, karatasi moja ya A4, majirani wanne, jiwe, njia, minyaa, hatua. Baraza lilipokuja kutembelea shamba mzee jirani akawa anaonyesha kwa fimbo kitu kimoja kimoja na kila kitu kilikuwa pale pale kwenye karatasi. Tulishinda mwaka wa sita tangu kaka afungue ile kesi ya kwanza. Miaka sita, na shahidi wetu mmoja wa mauziano alishafariki katikati.

Kuhusu muda pia, kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, Sheria ya Ukomo inasema hivyo, na ninaona watu wanakuja na ugomvi wa tangu 1995 wanasema nilikuwa namvumilia ndugu yangu. Uvumilivu wako uliandikwa wapi? Kama ulimwandikia barua, kama mlikaa kikao kwa mtendaji, muhtasari uko wapi? Hapo ndo utaona kwanini nasisitiza karatasi zipangwe kwa tarehe.

Namna ninavyowapangia wateja wangu, wale wanaokuja mapema, ni hivi. Tunachukua kaunta buku, kila tukio linapata mstari wake kuanzia la zamani. Mfano kwetu tuliandika, "1987 Machi, baba amenunua kwa mzee jirani, walikuwepo balozi wa nyumba kumi na mjomba. Karatasi: mkataba, bahasha ya kwanza. Wa kusema: mjomba." Mstari unaofuata mwaka mwingine. Ukifika kwenye tukio halafu pale kwenye karatasi pako wazi na kwenye wa kusema pako wazi, hapo ndo kesi yako inavuja, na afadhali ujue sasa ukiwa nyumbani kuliko ukajulie mbele ya wakili wa mwenzako. Alafu kila karatasi inakaa bahasha yake, namba juu ya bahasha kwa maka, hutoboi karatasi, hupigi pini, hubandiki selotepu, na jamani HUFANYI LAMINESHENI. Risiti za mashine unazitolea kopi siku hiyohiyo ulipolipa, unaandika tarehe na ulilipia nini, orijino unaiweka gizani mahali pasipo na joto, na zile namba za malipo unazinakili kwenye daftari. Kopi tunatoa seti za kutosha, ya baraza, ya kila mdaiwa, yako na ya wakili, na orijino inabaki kwako mpaka siku ya kuitoa. Usimpe orijino mtu yeyote bila kuandikishana, hata awe ndugu yako wa tumbo moja.

Mambo ya simu nayo yameongezeka. Mtu anasema nina meseji alikiri mwenyewe WhatsApp, anataka aonyeshe simu tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa hivyo lakini baraza litataka kujua simu ni ya nani, ilitunzwaje, haikuchezewa, kwahiyo printi, usifute yale mazungumzo, usibadilishe simu ukamwachia mtoto ile ya zamani, na muulize wakili au msaidizi wa kisheria kuhusu kiapo cha kuambatana nayo.

Ushuru wa stempu watu wanausahau kabisa. Mkataba wa mauziano usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kupokelewa, kifungu cha 47 cha sheria yake, ingawa unaweza kupewa nafasi ya kwenda kulipa na adhabu juu yake, sasa kwanini usilipe mapema. Na ardhi ya kijiji iangaliwe kama halmashauri ya kijiji iliridhia mauziano, tafuta muhtasari wa kikao kile, maana mkataba mzuri bila ridhaa ya kijiji umewaacha wengi mikono mitupu. Na kabla hujafika baraza la ardhi na nyumba la wilaya pitia Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya 2021 wao hawatoi hukumu tena, wanasuluhisha, wakishindwa wanakupa hati ya kuthibitisha wameshindwa, na siku 30 zikipita bila usuluhishi unaweza kuendelea bila hiyo hati. Tunza ile barua uliyowapelekea yenye mhuri wa kupokelewa. Ukishindwa kesi omba nakala ya hukumu haraka, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, nimeshaona mtu anakuja kuchapisha rufaa siku ya hamsini.

Sasa Mhariri kuna jambo ambalo mwananchi peke yake hawezi. Madaftari ya ofisi za mitaa na vijiji. Mwenyekiti akimaliza muda wake anaondoka na mhuri, anaondoka na daftari la mauziano, vinakaa chini ya kitanda chake. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 nimepokea watu wengi sana waliotumwa na baraza wakatafute kumbukumbu, wanafika ofisi ya mtaa wanaambiwa mwenyekiti wa sasa ni mpya hajui kitu, mwenyekiti wa zamani amehamia kwao, mwenyekiti wa kabla yake amefariki na wajukuu walichania yale madaftari kuwashia jiko. Huyo mwananchi kosa lake ni nini? Alifanya alichoambiwa, alienda ofisi ya serikali akaandikishana mbele ya kiongozi, akalipa na ile asilimia ya mauziano wanayotoza pale ofisini. Naomba wanaohusika na serikali za mitaa waweke utaratibu wa makabidhiano ya madaftari kwa maandishi, mbele ya mtendaji, na nakala ibaki kata. Ni daftari tu. Halihitaji bajeti kubwa.

Na wewe Mhariri nakuomba gazeti lako litenge hata robo ukurasa kila wiki, wakili au msaidizi wa kisheria aeleze jambo moja tu kwa lugha yetu hii ya kawaida. Wasaidizi wa kisheria wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawalipishi, lakini nauliza wateja wangu kumi, tisa hawajawahi kusikia.

Yule mama wa Kiseke kesi yake imepangiwa tarehe nyingine. Tumekaa naye jioni mbili tukaandika kaunta buku yake. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule bado yuko hai, anaishi kwa mwanae Sengerema, tumempata kwa simu, amesema anaukumbuka mkataba na mhuri ni wake na atavuka kuja. Malipo ya zile risiti mbili zilizoungua ofisi moja ilimzungusha tangu Januari ila sasa wamemprintia taarifa ya malipo yote na wamegonga mhuri. Na mimi nimemwambia nitaenda kusimama shahidi, niseme mbele ya baraza kwamba ile plastiki niliiweka mimi kwa mkono wangu, na kabla ya kuiweka niliushika ule mkataba ukiwa karatasi tupu, kalamu ya bluu, upande wa nyuma nilihisi kwa kidole pale kalamu ilipobonyea kwenye sahihi ya mume wake. Siku hiyo duka litafungwa kutwa nzima, wateja wangu wenye tarehe siku hiyo naomba waje kutoa kopi zao siku moja kabla.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwenye stesheneri,
Mwanza